Vasi za zamani za kioo cha moshi: jinsi ya kuzitambua, kuzinunua na kupambia nyumba

Katika nyumba nyingi kuna kabati la vyombo ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake kuna birika la wageni, glasi zilizopangwa kwa mistari na vikombe visivyotoka mpaka Sikukuu. Pengine kuna pia chombo kimoja kirefu cha kioo chenye rangi ya moshi, kijivu au kahawia, kilichoachwa na bibi au shangazi aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Chombo hicho ni vasi, yaani chombo cha kuwekea maua.

Vyombo vya aina hiyo vimerudi kupendwa katika nchi nyingi, na picha zake zinapita kwenye simu hata huku kwetu. Kinapopendwa kitu cha zamani, hasara huingia kwa milango miwili. Kuna anayeuza chombo cha bibi yake kwa bei ya beseni la plastiki kwa kuwa hakujua alichonacho. Na kuna anayefunga safari mpaka Kariakoo, akalipia "cha zamani" kumbe kimetoka kiwandani mwaka huu. Makala haya yanaeleza kioo cha moshi ni nini, kilifikaje kwetu, kinakaguliwaje, na ukiwa nacho ukitumieje bila kukiharibu na bila kujiletea maradhi.

Kioo cha moshi ni nini?

Jina linaweza kumpoteza mtu. Kioo hiki hakikupitishwa kwenye moshi, wala rangi yake si masizi kama yale yanayoshika kioo cha taa ya chemli. Masizi huoshwa yakatoka. Rangi ya kioo cha moshi imo ndani ya kioo chenyewe na haitoki kwa sabuni wala kwa siki.

Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi na chokaa. Vitu hivi huyeyushwa pamoja katika tanuri lenye joto la nyuzi kama 1,500 hadi viwe kama uji mzito. Magadi hupunguza joto linalohitajika kuyeyusha mchanga, na chokaa huzuia kioo kisiyeyuke kwenye maji. Jirani zetu wa Kenya wana ziwa lenye jina hilohilo, Magadi, ambako magadi yamekuwa yakivunwa kwa biashara tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wake.

Rangi huja kwa kutia madini kidogo kwenye uji huo. Kobalti hutoa buluu. Chuma hutoa kijani. Nikeli, ikichanganywa na chuma au kobalti, hutoa ule ukijivu wa moshi. Chuma kikichanganywa na salfa na kaboni hutoa kahawia ya chupa ya bia. Kahawia ya chupa ya bia ina kazi yake, kwa sababu inazuia mwanga usiharibu kinywaji kilichomo. Rangi ya moshi kwenye vasi ni ya urembo tu: inapunguza mwanga unaopita, na ua lililomo huonekana kwa utulivu.

Vyombo hivi vilifikaje Dar es Salaam?

Watu wa pwani hawakuanza jana kupamba kwa vyombo vilivyovuka bahari. Katika magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yapo makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa ndani ulijengwa na zidaka, yaani vijishubaka vya chokaa, na humo vilipangwa vyombo vya thamani ili mgeni avione. Huko Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vipande vya vyombo vya kioo pamoja na shanga. Kabati la vyombo la sebuleni leo linafanya kazi ileile ya zidaka.

Vasi tunazozizungumzia hapa ni za juzi zaidi. Nyingi ni za kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakati kioo cha rangi ya moshi kilipopendwa sana Ulaya, hasa katika nchi za kaskazini. Kiwanda cha Holmegaard cha Denmark, kilichoanza mwaka 1825, kilitoa vasi nyingi za kijivu zilizobuniwa na Per Lütken, aliyeanza kazi hapo mwaka 1942. Sweden ilikuwa na Orrefors. Ufaransa ilikuwa na Duralex, iliyojulikana zaidi kwa glasi na sahani ngumu, zikiwemo za rangi ya kahawia. Czechoslovakia ya wakati huo nayo ilikuwa nchi kubwa ya kioo.

Vyombo vya Ulaya vilikuwa na njia kadhaa za kuingia nyumba za Dar es Salaam. Ya kwanza ni maduka ya katikati ya mji, yaliyoagiza bidhaa kwa meli kupitia bandarini. Ya pili ni wageni waliokuja kufanya kazi. Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha Kibaha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wataalamu wa nje wanapomaliza mkataba, mara nyingi huuza au kugawa vyombo vyao kabla ya kupanda ndege. Ndiyo maana chombo cha Denmark kinaweza kukutwa katika nyumba ambayo hakuna mtu wake aliyewahi kufika Ulaya.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa ulishikwa na mashirika ya umma, na wengi wanakumbuka maduka ya RTC. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, bidhaa za China ziliingizwa na kuuzwa nchini ili fedha zake zilipie gharama za ndani za ujenzi. Kisha ikaja miaka ya uhaba. Sukari na sabuni zilipangiwa foleni, na mwaka 1983 ikafanyika kampeni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Katika hali hiyo hakuna aliyewaza kuagiza vasi. Aliyekuwa nayo aliitunza. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na taratibu maduka yakaanza kujaa tena.

Historia hii inakusaidia unapokagua. Ukiambiwa vasi fulani "ilinunuliwa dukani Dar mwaka 1982", uliza maswali zaidi. Inawezekana, lakini haikuwa rahisi.

Namna ya kukagua vasi

Huhitaji mashine. Unahitaji mwanga wa jua, kidole chako na subira.

1. Tazama unene na rangi. Inyanyue vasi kwenye mwanga. Kama rangi imo ndani ya kioo, sehemu nene, hasa kitako, itakuwa nyeusi zaidi kuliko sehemu nyembamba za juu. Kama rangi ni ileile kila mahali, au kitako kinene kinaonekana cheupe wakati mwili ni wa moshi, huenda ni kioo cheupe kilichopuliziwa rangi.

2. Tafuta mikwaruzo. Kwenye kioo kilichopuliziwa rangi, mkwaruzo huonyesha weupe chini yake. Angalia mdomoni na sehemu za kona, kwani rangi huanza kutoka hapo. Usikwaruze wewe mwenyewe chombo cha mtu.

3. Geuza uangalie kitako. Chombo kilichosimama mezani kwa miaka arobaini hubaki na vimikwaruzo vidogo vingi visivyo na mpangilio, kwenye duara linalogusa meza tu. Kitako kisicho na alama hata moja kinaashiria upya. Mikwaruzo iliyonyooka kuelekea upande mmoja, au iliyoenea mpaka sehemu zisizogusa meza, huenda imetiwa kwa msasa ili kuudanganya macho.

4. Tafuta kovu au mshono. Vasi iliyopulizwa kwa mdomo hushikwa kwa fimbo ya chuma chini wakati fundi anaumba mdomo wake. Fimbo ikiondolewa huacha kovu katikati ya kitako, la kukwaruza au lililosuguliwa likawa kama kijisahani laini. Vasi iliyotolewa kwenye kalibu la kiwandani huwa na mshono mwembamba unaopanda ubavuni. Kovu halithibitishi kuwa chombo ni cha zamani, kwa kuwa mafundi wapo hata leo, lakini linaonyesha kazi ya mkono. Mshono nao si aibu: viwanda vizuri vya zamani vilitumia kalibu pia.

5. Soma maandishi. Baadhi ya viwanda vilichora jina kwa sindano kwenye kitako, na maandishi hayo ni madogo mno. Pulizia pumzi yako juu ya kitako, ukungu utayaonyesha. Vingine vilibandika karatasi tu, nayo ikatoka ilipooshwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vasi isiyo na jina si lazima iwe bandia. Na namba iliyo chini ya glasi, kama zile za Duralex, ni namba ya kalibu, si mwaka wa kutengenezwa.

6. Pitisha kidole mdomoni. Tafuta pengo au ufa. Kisha gonga taratibu kwa ukucha. Chombo kizima hutoa mlio unaodumu kidogo, chenye ufa hutoa mlio uliokufa. Kioo kinene sana hakilii vizuri hata kikiwa kizima, kwa hiyo usitegemee mlio peke yake.

Viputo vidogo vya hewa ndani ya kioo huwachanganya wengi. Muuzaji atakuambia ni dalili ya uzee. Viputo hupatikana kwenye kioo cha zamani na kwenye kioo kipya cha bei nafuu, na wapo mafundi wanaovitia kwa makusudi kama urembo. Usilipie kiputo.

Ukienda Kariakoo

Kariakoo ilipata jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jengo kubwa la soko lilibuniwa na msanifu wa Kitanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mwezi Julai mwaka 2021 liliungua moto. Lakini anayesema "nakwenda Kariakoo" kwa kawaida hana maana ya jengo lile tu. Ana maana ya mitaa yote inayolizunguka: Msimbazi, Kongo, Aggrey, Sikukuu, Swahili na mingine.

Maduka ya vyombo katika mitaa hiyo huuza hasa vyombo vipya kutoka nje, China ikiongoza. Utakuta humo vasi za rangi ya moshi, na nyingine ni nzuri kweli. Hakuna ubaya kununua mpya, maana kwa meza ya sebuleni inafanya kazi ileile. Ubaya ni kulipia umri ambao chombo hakina. Ishara rahisi ni wingi. Ukiona vasi sita zinazofanana kabisa kwenye rafu moja, nyingine bado zimo katika boksi, hizo ni mpya, hata kama muuzaji anaziita "antiki".

Cha zamani hupatikana kwa bahati, kwa watu wanaouza vyombo vya nyumba iliyohamwa, kwa wauza mitumba wanaochanganya vyombo na nguo, na kwenye minada. Huko hakuna risiti wala kurudisha. Kagua kabla ya kutaja bei, na ukague juani, si ndani ya kibanda chenye taa ya rangi.

Mapatano yenyewe yana ustaarabu wake. Salimia kwanza. Usioneshe kwamba umekipenda chombo kupita kiasi. Uliza, "Kaka, hii ilitoka wapi?" kabla ya kuuliza "Bei gani?" Anayejua alikokitoa atakueleza bila kusitasita. Anayebuni, hadithi yake itabadilika ukiuliza mara ya pili. Ukishafika "bei ya mwisho" yako, shukuru uondoke. Ukiitwa, rudi. Usipoitwa, basi.

Mchuuzi akifika kijijini

Huenda anayekuja mlangoni ni mtu mwema anayetafuta riziki yake. Hata hivyo usiuze siku hiyohiyo. Mwambie, "Nitazungumza na wenzangu, upite wiki ijayo." Mnunuzi wa kweli ataacha namba yake. Anayekuharakisha kwamba gari linamsubiri, huyo mwache aende na gari lake.

Chombo cha marehemu si cha mtu mmoja. Kukiuza bila kuwaambia ndugu ni kununua ugomvi ambao bei yake itapita ya vasi. Mbadilishano nao uangalie vizuri: beseni jipya linalong'aa linaweza kuonekana bora kuliko kioo chenye vumbi, na pengine kwa mahitaji yako ni bora kweli, lakini uamue ukiwa unajua unachotoa.

Kwa upande mwingine, usidanganyike kwamba umekalia utajiri. Nchi yetu imeshasikia uvumi mwingi: rupia ya Mjerumani itakayomfanya mtu tajiri, zebaki iliyofichwa ndani ya redio ya zamani au cherehani. Watu wameuza mifugo kulipa "gharama za kupima" na hawakumwona tena aliyezipokea. Kioo cha zamani hakina siri ndani yake. Mtu akikuambia vasi yako ina thamani ya mamilioni, lakini kwanza utume fedha ya kipimo, ya kibali au ya dalali, huyo ni tapeli. Mnunuzi ndiye anayetoa fedha, si muuzaji.

Ukiuza kwa simu, piga picha nne juani: chombo kizima, mdomo, kitako, na chombo kikiwa mbele ya mwanga. Weka kiberiti au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Taja kila pengo na kila ufa. Usitume chombo mpaka salio lako mwenyewe lionyeshe kuwa fedha imeingia. Usiamini ujumbe tu, kwani ujumbe hughushiwa. Ukinunua kwa simu, usilipe kabla mtu unayemwamini hajakishika chombo. Namba zinazotuma ujumbe wa utapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Bei inapangwaje?

Hakuna orodha ya bei. Vitu vinne huamua: uzima, jina la kiwanda, ukubwa, na kama kuna mtu anayeitaka leo. Pengo dogo mdomoni hupunguza sana thamani kwa mkusanyaji, hata kama ua litalificha. Jina lililochorwa kitakoni huipandisha. Vasi nzima isiyo na jina bado ni pambo zuri, lakini bei yake ni bei ya pambo.

Anayetaka kukusanya aanze na jambo moja tu: rangi moja, au umbo moja, au nchi moja. Vasi tatu za kijivu zinazopatana ni mkusanyo. Vyombo kumi na viwili visivyohusiana ni mzigo wa kufuta vumbi.

Kilichotoka ardhini hakiuzwi

Yapo maeneo ya pwani ambako mkulima akilima hukuta shanga, vigae vya kauri au vipande vya kioo kilichochakaa. Hivyo ni vitu tofauti na vasi ya bibi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia milango ya kuchonga ya zamani. Vitu hivyo havichimbwi wala kutolewa nje ya nchi bila kibali. Ukikuta, acha palepale, piga picha, na utoe taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au kwa Makumbusho ya Taifa, yaliyoko Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Kigae kilichobaki mahali pake kinaweza kueleza nani aliishi hapo na alifanya biashara na nani. Kikishauzwa sokoni hakielezi tena kitu.

Kusafisha bila kuharibu

Majivu na mchanga tunavyosugulia masufuria havifai hapa. Mchanga unakwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Tandika taulo ndani ya beseni ili chombo kisigonge plastiki ngumu. Kamwe usimimine maji ya moto kwenye kioo kinene kilichopoa, kwa kuwa upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje na kioo hupasuka.

Utando mweupe ndani ya vasi mara nyingi ni chumvichumvi ya maji ya kisima. Tia siki au maji ya limau, acha usiku kucha, asubuhi suuza. Kama shingo ni nyembamba na mkono haupiti, tia kiganja cha mchele mkavu pamoja na maji ya sabuni, tikisa taratibu, mwaga. Utando usiotoka hata kwa siki ni kioo kilichokwisha kuliwa na maji kwa miaka mingi. Huo hauna dawa ya nyumbani. Usiendelee kusugua.

Usinywee wala kuhifadhia chakula katika vasi usiyoijua asili yake. Baadhi ya vioo vya mapambo vina risasi, na vilivyopuliziwa rangi havikutengenezwa kwa ajili ya mdomo wa mtu.

Kupambia nyumba

Kioo cha moshi kinapenda mwanga. Kikiwekwa kona yenye giza hugeuka kuwa kitu cheusi tu. Kiweke mahali ambapo mwanga wa dirisha unakipata kwa ubavu, mbele ya ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa. Kitambaa cha kufuma chini yake kinapendeza na kina kazi: kinazuia chombo kuteleza na kukwaruzika.

Vyombo vitatu vya urefu tofauti vikikaribiana hupendeza kuliko vitano vilivyopangwa mstari kama askari. Kirefu kikae nyuma, kifupi mbele.

Si lazima ununue maua ya plastiki. Masuke ya mtama au ya uwele yaliyokauka, matete ya bondeni, majani makavu ya mnazi yaliyokunjwa, vyote huonekana vizuri ndani ya kijivu cha moshi, na havihitaji maji. Tia mchanga mkavu kidogo chini ili vasi isipinduliwe na upepo, ila uutie kwenye kijifuko ili usikwaruze. Kwa maua mabichi, asumini na mrehani vinatosha kuleta harufu nyumba nzima. Maua meupe na mekundu ndiyo yanayoonekana zaidi. Ya zambarau iliyokolea hupotea ndani ya moshi.

Kama una watoto wadogo, vasi isikae kwenye meza ya katikati. Iweke juu ya kabati pana, mbali na ukingo, na kitambaa kisining'inie mahali pa kuvutwa.

Maji ya vasi na mbu wa dengi

Jambo hili ni zito kuliko bei. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, huzaliana katika maji safi yaliyotuama ndani na karibu na nyumba. Vasi ni mojawapo ya makazi yake. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Yai huchukua muda wa kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu. Kwa hiyo mwaga maji ya vasi kila baada ya siku tatu au nne, wala usipitishe wiki. Kumwaga hakutoshi. Mayai hushika ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Sugua ndani kwa kitambaa kabla ya kujaza tena. Katika kioo cheusi mabuu hayaonekani kirahisi, kwa hiyo kuwa macho zaidi. Vasi usiyoitumia igeuzwe chini juu.

Kusafirisha kwa basi

Vasi nyingi huvunjika barabarani. Jaza ndani ya chombo karatasi au nguo laini, kisha kizungushie khanga kukuu mara mbili, ukitilia mkazo mdomo na kitako. Kitie katika boksi lenye nafasi ya vidole vinne kila upande, na nafasi hiyo ijazwe nguo mpaka ukitikisa boksi lisisikike kitu. Andika KIOO pande zote. Ukipanda basi kituo cha Magufuli, Mbezi, usikubali boksi liingie kwenye buti na magunia. Lipakate, au liweke sakafuni kati ya miguu yako.

Ukifika, liache boksi lipoe kama lilikuwa juani, ndipo ufungue na kuosha. Kisha andika kwenye kijikaratasi: kimenunuliwa wapi, kwa nani, mwaka gani. Kama ni cha bibi, andika jina la bibi na alikokipata. Bandika chini ya kitako. Siku mjukuu atakapokigeuza, atajua ameshika nini, na mchuuzi wa mlangoni hatakuwa na la kumdanganya.